Sifuri Isiyoulizwa

Kwenye kioo cha kipima gesi, kile kidude ambacho mfanyakazi wa mgodini au wa mitaro ya maji taka hukibana kifuani, namba inayoonekana karibu muda wote ni sifuri. Sifuri ya kaboni monoksaidi, sifuri ya haidrojeni salfaidi. Mtu hukitupia jicho kabla ya kushuka, huona sifuri mbili zimetulia, hushuka. Swali ninalolifuata hapa lina umri mkubwa kuliko chombo hicho: asiyesema kitu ametuambia nini? Wanazuoni wa fiqhi walikutana nalo katika ndoa, katika biashara na mbele ya kadhi, wakaweka kanuni kwamba anayenyamaza habandikwi kauli, isipokuwa pale ambapo kunena kulimpasa. Ndiyo maana kimya cha bikira anapoulizwa habari ya posa kilihesabiwa kuwa ridhaa, lakini kimya cha mtu anayetazama mgeni akiuza mali yake hakikuhesabiwa kuwa ruhusa. Binti aliulizwa, mwenye mali hakuulizwa. Sasa kipima gesi kimewekwa pale kwa kazi moja, kusema hatari inapotokea, na kwa haraka tungedhani kwamba kimya chake ni kauli kamili: hewa ni salama, shuka. Mimi nasema kimya hicho hakina uzito wa kauli mpaka chombo kiwe kimeulizwa na kimejibu, tena siku ileile. Na kwamba kukiuliza ni sehemu ya kukiamini.

Tukifungua kipima gesi tunakikuta kihisi chenyewe, kidude cha plastiki cha mviringo kinachokaribia upana wa kizibo cha soda. Juu kina tundu dogo lililofunikwa kwa utando mweupe, chini kina pini tatu. Ndani yake elektrodi zilizopakwa platinamu zimetenganishwa na tabaka za nyuzi zilizolowa asidi ya salfuriki, ileile ambayo gerejini huitwa maji ya betri. Kaboni monoksaidi ikipenya tunduni na kufika kwenye elektrodi ya kwanza huungana na maji, hugeuka kaboni dioksaidi, na kuachia elektroni mbili. Elektroni hizo hupita kwenye waya hadi elektrodi ya pili, ambako oksijeni huzipokea na maji huzaliwa upya. Umeme unaopita ni mdogo mno: makumi tu ya nanoampea kwa kila sehemu moja ya gesi katika sehemu milioni za hewa. Saketi huukuza hadi ukawa namba. Pasipo gesi, hapana umeme wa kukuza. Hapo ndipo penye fundo. Kihisi kizima kilicho katika hewa safi hakitoi umeme, na kihisi kilichokufa hakitoi umeme. Kwenye kioo vyote viwili huandika sifuri, kwa mwandiko uleule.

Haikuwa hivyo kwa shahidi aliyetangulia. Mwaka 1896 mwanafiziolojia John Scott Haldane alitoa ripoti juu ya vifo katika milipuko na moto wa migodi ya makaa ya mawe Uingereza, akaonyesha kwamba waliokufa kwa mlipuko wenyewe walikuwa wachache kuliko waliouawa na hewa iliyobaki baada yake. Muuaji alikuwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu inayoipita ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mwaka mmoja kabla ya ripoti hiyo Haldane alikuwa ameivuta gesi hiyo mwenyewe kwa makusudi, akiandika dalili zilivyokuwa zikimjia. Alipendekeza waokoaji washuke na wanyama wadogo wenye damu moto, ambao kwa wepesi wa pumzi na mapigo yao hulemewa mapema kuliko binadamu. Aliyedumu katika kazi hiyo ni kanari, ndege wa manjano wa jamaa ya chiriku, na Uingereza haikuanza kuwaondoa wa mwisho migodini hadi mwishoni mwa 1986, walipopokewa na vipima gesi vya elektroniki. Wengi husimulia habari hiyo kama ushindi wa chombo dhidi ya ukatili, na sina la kupinga juu ya ukatili. Lakini kuna jambo lililogeuzwa kichwa chini miguu juu bila wengi kuliona. Chiriku ni msemaji, ndiyo maana mtu asiyefunga mdomo tunasema anasema kama chiriku. Ndege aliyekuwa salama alirukaruka na kulia. Aliyedhurika alinyamaza, akaanguka kutoka kijitini. Akifa kwa baridi, kwa njaa au kwa uzee, mchimbaji alimwona amelala chini na kukimbia bure. Kosa la shahidi lilimwelekeza mtu kwenye usalama. Kihisi cha kaboni monoksaidi hunyamaza kikiwa kizima na hunyamaza kikiwa kimekufa, na kosa lake humwelekeza mtu shimoni.

Wala si lazima kemia iwe hivyo. Ndani ya kipima gesi hichohicho huwa kuna kihisi cha oksijeni, na kile cha aina ya zamani hufanya kazi kama betri: kina kipande cha risasi, yaani ile metali, ambacho huliwa kidogokidogo na oksijeni inayoingia. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, kwa hiyo umeme hutoka saa zote, usiku na mchana, hata chombo kikiwa kabatini. Risasi inapokwisha, kwa kawaida baada ya miaka miwili hivi, namba hushuka: 20, 19.8, na ikifika 19.5 kengele hulia kana kwamba oksijeni imepungua. Kihisi kinachokufa kwa njia hiyo hulia kifoni. Hawa wawili hukaa chumba kimoja, wamefunikwa na ganda moja, na fundi mmoja huwabeba. Mmoja hawezi kunyamaza bila kujulikana, mwingine anaweza. Kwa hiyo si haki kuniambia kwamba chombo ni kimoja na imani iwe moja. Imani inayomfaa shahidi hutegemea jinsi anavyokosea.

Na kihisi kina njia nyingi za kukosea, kwa sababu kina mwili. Asidi iliyo ndani yake huvuta unyevu wa hewa na kuurudisha. Kikiachwa majuma mengi mahali pakavu sana hukauka. Kikiachwa katika unyevu uliopindukia, kama ghala la pwani lisilo na dirisha wakati wa masika, hunywa maji hadi kufura, na kikizidiwa huvuja. Asidi iliyovuja hula pini, hula saketi, na haibagui ngozi. Anayekuta majimaji chini ya kihisi asiyafute kwa kidole wala kuyanusa. Avae glovu, aoshe kwa maji mengi, na yakimrukia jichoni asuuze kwa dakika 15 nzima na kwenda hospitali, hata kama maumivu yamepoa. Vihisi vya risasi vina hatari ya pili, kwa kuwa risasi ni sumu inayokaa mwilini, hivyo haifai kuvipasua ili kuona kilichomo wala kuvitupa jalalani ambako watoto huokota. Fundi wa redio aliyezoea kuunganisha kila kitu kwa risasi ya moto akigusisha chuma chake kwenye pini za kihisi huyeyusha mihuri ya ndani. Ndiyo maana hutumika soketi. Mwingine hukisafisha kwa spiriti, akidhani anakitendea wema. Mvuke wa spiriti huingia tunduni, kihisi hupiga kelele kwa gesi isiyokuwepo, na huenda kikakaa kwa saa kadhaa kabla ya kurudi katika hali yake. Kwenye chumba cha kuchajia betri haidrojeni hukifanya kitaje kaboni monoksaidi ambayo haimo. Matope na vumbi huziba utando, na kilichozibwa hakisikii harufu ya kitu.

Maelekezo haya yote huchapwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, na kwa kawaida husomwa kama mambo mawili: jinsi mtu asivyodhurika na kihisi, na jinsi kihisi kisivyodhurika na mtu. Nadhani yanasomwa vibaya. Hayo ndiyo masharti ya ushahidi. Mahakama haipokei maneno ya shahidi aliyelishwa dawa ya usingizi, hata kama ni mcha Mungu; ni lazima ijue alikuwa wapi, katika hali gani, na nani alimshika. Kihisi kilichoanguka, kilichopikwa na chuma cha moto, kilichofungiwa na chupa ya spiriti, ni shahidi aliyeguswa njiani. Wala hatuwezi kumkinga kwa kumfungia kabisa, maana mlango uingizao gesi ndio uingizao unyevu, vumbi na mvuke. Ukiuziba mlango ili shahidi asidhurike, umemziba mdomo.

Wapo watakaosema tuachane na kidude chenye tabu zote hizi, Mungu katupa pua. Kwa haidrojeni salfaidi hoja hiyo ina nguvu ya kuonekana, kwa sababu pua huinasa harufu yake ya mayai viza hata ikiwa chini ya sehemu moja kwa milioni, na kipima gesi cha kawaida hakina wepesi kama huo. Shida ni kwamba gesi hiyohiyo ikikaribia sehemu 100 kwa milioni huupooza mshipa wa kunusa katika dakika chache. Harufu hupotea gesi ikiwa inaongezeka. Aliye shimoni huwaambia walio juu kwamba imetoka, na hasemi uongo. Anaripoti kile pua yake inachompa. Magazeti yetu hayajaacha kuleta habari za aina hii: mmoja kashuka kwenye shimo la choo kufuata simu iliyodondoka, wa pili kamfuata kumwokoa, wa tatu kawafuata wote wawili. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipopita katika kipindi chake cha shaka alianzia kwenye macho: nyota huonekana ndogo kama dinari, na hesabu za jiometri zikathibitisha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Kilichomsumbua ni kwamba jicho halikumwonya. Hisi inayokosea haibebi alama ya kukosea kwake. Inakosea kwa utulivu uleule inaosemea kweli. Pua iliyopooza na kihisi kilichokufa ni jozi moja, na ajabu ni kwamba kile tulichokitengeneza kuokoa pua kimerithi ugonjwa wake.

Dawa ya ugonjwa huo ilijulikana na watu ambao hawakuwahi kuona platinamu ikipakwa kwenye utando. Wanazuoni wa hadithi walipowachambua wapokezi hawakuishia kuuliza kama fulani ni mkweli. Waliuliza pia ni lini. Kulikuwa na wapokezi waadilifu, wenye sifa njema miaka mingi, ambao kumbukumbu zao zilivurugika uzeeni. Wanazuoni hawakuwatupa, na hawakuwapokea kwa heshima ya jina. Waliyagawa mapokezi yao kwa wakati: yaliyosikiwa kabla ya kuvurugika yalikubaliwa, yaliyosikiwa baada yake yalikataliwa, na yale ambayo haikujulikana yalisikiwa kabla au baada hayakutegemewa. Fungu la tatu ndilo linalonivuta. Katika fungu hilo hakuna aliyethibitisha kosa lolote. Kilichokosekana ni tarehe tu. Kipima gesi kilichosawazishwa mwezi wa Machi, kikaanguka mara mbili mwezi wa Mei, kikakaa kabatini mwezi wa Juni, na leo kinaandika sifuri, kimo katika fungu hilo. Cheti chake cha Machi ni cha kweli. Lakini mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Sasa kuulizwa kwenyewe kuweje? Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 6, Gideoni anataka kuhakikisha kwamba kweli ametumwa. Anaweka ngozi ya kondoo yenye manyoya kwenye uwanja wa kupuria, anaomba umande uiloweshe ngozi na ardhi ibaki kavu. Asubuhi anaikamua, inajaza bakuli. Wengi wetu tungeishia hapo na kushukuru. Gideoni anaomba radhi na kuomba mara ya pili, kinyume chake: ngozi iwe kavu na ardhi ilowe. Wahubiri humlaumu kwa uhaba wa imani, na pengine wana haki kwa upande wao. Mimi namwona mtu aliyefikiri kuliko wanaomlaumu. Manyoya kwa tabia yake hushika umande hata ardhi inayoyazunguka ikiwa imeshakauka. Bakuli lile la kwanza lingeweza kujazwa na maumbile ya ngozi yenyewe. Ngozi inayolowa kila siku haina habari, na inayokauka kila siku haina habari. Ngozi iliyoonekana ikifanya yote mawili, kwa nyakati zilizotajwa mapema, imekuwa shahidi. Fundi wa vipima gesi hufanya kitu hichohicho. Hukiweka chombo katika hewa safi na kutaka sifuri, kisha hukipulizia gesi ya kipimo kinachojulikana na kutaka namba ile. Sifuri peke yake ni bakuli la kwanza.

Hapa hutokea pingamizi la kidini, nalo lina sura mbili. Ya kwanza husema imeandikwa tusimjaribu Mungu. Kweli, lakini kinachojaribiwa ni kiumbe, tena kilichotengenezwa na viumbe, na hata Gideoni aliyethubutu kwenda mbali zaidi alijibiwa bila kukemewa. Ya pili husema ajali haina kinga, na ajali ya mtu imeandikwa. Anayesema hivyo kwa kawaida hufunga mlango wake usiku, kwa hiyo tusimkawize. Lipo hata hivyo jambo zito nyuma ya maneno yake, nalo ni hofu kwamba mwenye kupimapima kila kitu hatimaye hana anachokiamini. Thomas Reid, mwanafalsafa wa Uskoti, aliiweka hofu hiyo kwa ufasaha mwaka 1764: maumbile yametupa mwelekeo wa kusema kweli na mwelekeo wa kuamini tunachoambiwa, na bila huo wa pili mtoto asingejifunza hata jina la maji. Imani hutangulia, shaka hufuata ikiwa na sababu. Nakubaliana na Reid kuhusu watu. Tunaweza kuanza kwa kuwaamini wenzetu kwa sababu uongo hugongana na mambo: anayedanganya bei ya nyanya atakutana na aliyetoka sokoni, na sisi tutarekebisha imani yetu tukiwa hai. Kuamini kwanza ni busara mahali ambapo kosa hujitangaza. Kihisi kilichokufa hakigongani na kitu. Siku 300 hewa ni safi na sifuri yake inapatana na ukweli kwa bahati, na kila siku inayopita humwongezea mvaaji mazoea ya kukiamini. Siku ya 301 ndipo panapotokea mgongano, na anayejifunza kutokana nao ni yule atakayekuja kuutoa mwili. Kwa hiyo shaka yangu haitokani na kukosa imani kwa ujumla. Inatokana na kuona kwamba uzoefu, mwalimu ambaye Reid alimtegemea kimyakimya, hapa hafundishi.

Kuna wanaoniambia kwamba tayari wanauliza, maana wanabonyeza kitufe cha majaribio na kengele inalia. Katika kengele nyingi za kaboni monoksaidi za nyumbani kitufe hicho huuliza betri na spika. Humuuliza mpiga mbiu kama ana sauti, bila kumuuliza mlinzi kama ana macho. Tena hata kengele nzima ina kimya chake halali. Kiwango cha Ulaya, EN 50291, kinaitaka isilie mapema kuliko dakika 120 kaboni monoksaidi ikiwa sehemu 30 kwa milioni. Kwa sehemu 50 ilie kati ya dakika 60 na 90. Kwa sehemu 300 ilie kabla ya dakika tatu kwisha. Sababu ni nzuri, kwa kuwa madhara ya gesi hii hutokana na kiasi pamoja na muda, na kengele inayolia kila jiko likiwashwa itang'olewa ukutani. Lakini aliyelala karibu na jiko la mkaa, madirisha yamefungwa kwa baridi ya Njombe au Limuru, inampasa ajue kwamba kimya cha kengele yake, hata ikiwa nzima kabisa, hakijawahi kuwa na maana ya hakuna.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la anayeuliza: na hiyo gesi ya kupimia nani ameipima? Mtungi una lebo na tarehe ya mwisho, kwa kuwa gesi kama haidrojeni salfaidi hudhoofika hata ndani ya chuma kwa kuathiriana nacho. Lebo imeandikwa na maabara, maabara ina cheti, cheti kimetolewa na wengine waliopimwa na wengine. Tukitaka uhakika wa mwisho hatutafika, na yule anayesema bora basi tuanze kwa imani anaonekana kushinda. Nadhani hashindi. Kinachotafutwa ni mashahidi wawili ambao hawakosei kwa sababu moja. Mtungi uliodhoofika hutoa namba ndogo kuliko lebo, kihisi kilichochoka hutoa namba ndogo pia, na fundi anayeona 70 mahali pa 100 hajui nani amekosea. Lakini anajua kuna tatizo, na hashuki. Ili nidanganywe, mtungi na kihisi lazima vikosee kwa viwango vinavyofutana, kimoja juu na kingine chini, siku moja. Wanazuoni waliposema habari iliyopokewa na wengi wasioweza kula njama inazaa yakini, hawakudai kwamba kila mmoja wao ni maasumu. Walidai kwamba makosa yao hayana sababu ya kufanana.

Bado kuna fedha. Mtungi wa gesi, koki yake na mpira wake ni gharama, na wachimbaji wadogo wengi, pamoja na wanaotapisha vyoo vya mitaani, hawana hata kipima gesi chenyewe. Kuwaambia wakiulize kila asubuhi ni kama kumwambia mwenye njaa atafune polepole. Nakiri, na nakiri zaidi: kengele ya nyumbani isiyojaribiwa kwa gesi, ikiwa ndani ya umri iliopewa na mtengenezaji, ni bora kuliko ukuta mtupu. Lakini sikubali kwamba kwenye shimo kipima gesi kisichoulizwa daima ni bora kuliko kutokuwa nacho. Asiye na chombo ana hofu, na hofu humfanya apepee shimo, afunge kamba kiunoni, aache mtu juu wa kumvuta. Sifuri isiyoulizwa humnyang'anya hofu na haimpi kitu badala yake. Na mzigo wa gharama usiwekwe kichwani kwa anayeshuka. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Kenya ina yake ya 2007, na zote mbili humtwika mwajiri wajibu wa kuhakikisha mahali pa kazi ni salama. Wakala wa Vipimo nchini Tanzania hupita kila mwaka kugonga muhuri mizani ya muuza maharage, ingawa mizani ikiiba robo kilo mnunuzi anaweza kugundua akifika nyumbani. Tumekuwa wakali kwa shahidi ambaye kosa lake hugundulika na kusameheka, na wapole kwa yule ambaye kosa lake halirudi nyumbani.

Kuuliza kwenyewe huchukua muda mfupi kuliko kuvaa buti. Hufanywa nje, penye upepo, kwa sababu kilicho mtungini ni sumu halisi, hata kama ni kidogo. Chombo huwashwa katika hewa safi na kuachwa kitulie: sifuri, sifuri, 20.9. Kofia ya plastiki hubanwa juu ya matundu, mpira huunganishwa, koki hufunguliwa. Kwa pumzi mbili tatu hakuna kitu. Kisha kaboni monoksaidi inaanza kupanda, 8, 31, na ikipita 35 chombo kinatetemeka mkononi, taa nyekundu zinawaka, kengele inalia kwa nguvu ya kuudhi. 64, 88, 97. Haidrojeni salfaidi inafuata kwa hatua fupi, 3, 11, 19, 24. Lebo ya mtungi inasema 100 na 25. Koki inafungwa, kofia inatolewa, na namba zinashuka taratibu kadiri upepo unavyopita juu ya utando: 52, 17, 6, 2, mpaka 0 inarudi mahali ilipokuwa dakika mbili zilizopita. Fundi anaandika tarehe na saa kwenye daftari, anakibana chombo kwenye mkanda wa bega, karibu na pua, na kuanza kukagua fundo la kamba.